Soksi: ufume mwenyewe au ununue?

Kwa bei, dukani ni nafuu. Gramu 100 za uzi wa soksi, zinazotosha jozi ya mtu mzima, mara nyingi ni ghali kuliko jozi kadhaa za pamba. Lakini kama nia ni kupunguza kununua nguo mpya, mimi nashika sindano. Ya dukani ikitoboka kisigino hutupwa. Ya kufuma unaziba tundu kwa uzi uliobaki, au unafumua ncha ya vidole na kuifuma upya. Chagua sufu yenye nailoni kama robo hivi, maana sufu tupu hulika upesi. Na baridi ya Julai kule Njombe, sufu hupasha miguu hata ikiwa na unyevu. Za sare ya shule nunua tu, watoto wanakua haraka mno.