GDB kwenye Linux: uzoefu wangu na ule ujumbe wa moduli isiyopatikana

Kazi zangu za C na C++ nazifanyia uchunguzi kwa GDB, debaga (programu ya kusakia kasoro za programu nyingine), na sijakutana na debaga nyingine kwenye Linux iliyonikaa mkononi vizuri kuliko hii. Imekuwepo tangu 1986, Richard Stallman alipoianza, haiuzwi, na iko kwenye hazina ya karibu kila distro (toleo la Linux kama Debian au Ubuntu). Kama unataka kujua programu yako imeangukia mstari gani na kigeu fulani kilikuwa na thamani gani wakati huo, nakushauri uitumie bila kusita.

Kinachowakatisha watu tamaa ni kitu kingine kabisa. Unaifungua, hujaandika hata `run` ya kuanzisha programu yako, nayo inakurushia `ModuleNotFoundError`, kosa la Python la kukosa moduli. Umekuja kusaka kasoro ya programu yako, sasa unasaka kasoro ya kifaa cha kusakia.

Wengi hapo hukimbilia `pip install`, amri ya kusakinisha vifurushi vya Python. Nawaelewa, lakini mara nyingi ni kupoteza muda, kwa sababu GDB haiiti ile `python3` unayoiita wewe kwenye teminali. Inabeba Python yake tumboni, maktaba iliyounganishwa nayo siku ilipokompailiwa. Unaweza kuwasha mazingira pepe (folda ya Python iliyotengwa na ya mfumo) na kujaza humo vifurushi vyote unavyovijua, debaga isione hata kimoja. Kwa hiyo kabla ya kusakinisha chochote, iulize yenyewe inatumia toleo gani na inatafuta wapi:

`gdb -nx -batch -ex "python import sys; print(sys.version); print(sys.path)"`

Hiyo `-nx` inaizuia kusoma faili la `.gdbinit`, lenye amri ambazo GDB huziendesha inapoanza. Kosa likitoweka ukiiweka, basi chanzo kimo ndani ya faili hilo, na nusu ya kazi imekwisha.

Kisa kilichonisumbua zaidi kilikuwa cha moduli iitwayo `encodings`. Hii si moduli ya ziada. Ni miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa ambavyo Python huvipakia inapoamka, na ikikosekana Python haiamki. Kwa hiyo ujumbe wa kwamba haipo karibu kila mara maana yake ni kwamba Python imeelekezwa folda isiyo yake. Kwangu, seti moja ya zana za kukompailia bodi ndogo ilikuwa na skripti ya kuandaa mazingira, na skripti hiyo iliweka `PYTHONHOME`, kigeu cha mazingira kinachoiambia Python maktaba zake ziko wapi, ielekee kwenye Python yake ya zamani. GDB ya mfumo ikirithi kigeu hicho, inatafuta maktaba zake kwenye nyumba ya mwingine. Nilichapa `env | grep PYTHON`, nikakiona, kisha nikaanzisha debaga hivi:

`env -u PYTHONHOME -u PYTHONPATH gdb ./programu`

Ikafunguka bila neno. Sikufuta skripti ya watu, maana zana zao zinaihitaji. Nimeifanya amri hiyo kuwa alias, yaani jina fupi la kuiita, basi.

Ujumbe wa pili utakaoukuta ni kwamba moduli `gdb` yenyewe haipo. Hii huwapata zaidi wanaokompaili GDB kutoka msimbo chanzo na kuiendesha hapohapo bila `make install`, au wanaohamisha faili moja la programu kutoka mashine nyingine na kuacha folda zake nyuma. Sehemu ya moduli hiyo imeandikwa kwa Python na hukaa kwenye folda ya data ya GDB, ndani ya `python/gdb`. Amri ya `show data-directory` itakuonyesha inakotazama. Ikiwa si penyewe, ianzishe kwa `--data-directory` ukitaja njia sahihi. Usijaribu `import gdb` kwenye Python ya kawaida ukidhani unaipima. Itakataa hata kama kila kitu ni kizima, kwani moduli hiyo huishi ndani ya debaga tu.

Moduli ya tatu inayokosekana, `libstdcxx`, ni ya wenzangu wa C++. Ndiyo inayofanya `std::vector` na `std::map` zisomeke kama orodha za kawaida badala ya rundo la pointa (anwani za kumbukumbu), na huja na kompaila ya GCC. Miongozo mingi ya zamani hukuelekeza uandike njia yake kwa mkono ndani ya `.gdbinit`, pamoja na namba ya toleo la GCC. Kompaila ikipandishwa toleo, njia imekufa. Siku hizi distro kubwa huipakia zenyewe, hivyo dawa mara nyingi ni kufuta mistari hiyo. Ukiona onyo linalotaja `auto-load safe-path`, hilo ni suala jingine: faili lipo, GDB imekataa kuliendesha kwa usalama wako.

Ninachoilaumu GDB ni ubahili wa maneno. Kwa kawaida inakupa mstari mmoja wa kosa bila kusema skripti ipi imeanguka. Weka `set python print-stack full` mwanzoni mwa `.gdbinit` uone njia nzima.

Na kama skripti yako kweli inahitaji kifurushi cha nje, tuseme numpy ya mahesabu, tumia kile cha distro: `apt install python3-numpy` kwa Debian na Ubuntu. Debian 12 na Ubuntu za karibuni huizuia pip kugusa Python ya mfumo, na numpy iliyojengwa kwa Python 3.10 haitapakika kwenye 3.12 hata ukiielekeza njia.

Kuna watakaokuambia uhamie LLDB, debaga ya mradi wa LLVM, uepuke haya yote. Ni debaga nzuri, lakini nayo imebeba Python, na kwenye baadhi ya distro hulalamika kwamba `lldb.embedded_interpreter` haipo. Huko amri ya kuanzia ni `lldb -P`, inayochapisha folda inakotarajia kuikuta moduli yake. Linganisha na mahali ilipowekwa kweli. Mimi nimebaki na GDB, nyota nne kati ya tano.