Kupima VVU pembeni ya uwanja, Winston-Salem: nyota nne

Kwa Waswahili wa North Carolina wanaotafuta pa kupima bure, bila kuulizwa bima wala karatasi za uhamiaji: Jumapili mchana nendeni kwenye viwanja vya ligi ya Walatino. Nachezea timu ya mafundi rangi, karibu wote watu wa Veracruz na Guerrero, wa Tanga ni mimi tu. Huduma hii nimeijua kupitia beki mwenzangu.

Na huyo beki ndiye huduma yenyewe. Amepewa mafunzo kama waelimishaji rika wa nyumbani. Walatino humwita navegante, yaani mwongozaji. Anagawa kondomu tukiwa tunafunga viatu, anatutania, halafu anauliza nani hajapima mwaka huu. Daktari angeuliza hivyo, nusu ya timu ingeyeyuka, maana wengi hawana vibali na jengo lolote lenye bendera huwatia hofu. Wala si jambo la kubahatisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest waliujaribu mtindo huu kwenye timu za Walatino humu jimboni, wakauita HoMBReS, na wachezaji waliokuwa na navegante walipima na kutumia kondomu zaidi kuliko wasiokuwa naye.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unajipitishia kijiti kwenye ufizi, juu na chini, kinachovywa kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Mama anayepima (Msalvador, mkali kidogo, nampenda) alinieleza vizuri kwamba kipimo cha mate kinaweza kuchelewa hadi siku 90 kugundua maambukizi mapya, na kwamba kikionyesha virusi, lazima damu ipimwe tena maabara. Majibu anakupa ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Nyota moja naikata kwa sababu mbili. Fomu ni za Kihispania na Kiingereza tu, na Wakongo wa hapa wanaongezeka. Halafu PrEP, dawa ya kujikinga usiambukizwe VVU: wanakueleza habari zake vizuri sana, lakini ukiitaka unaelekezwa kliniki inayofungwa saa kumi na moja jioni. Fundi rangi saa hiyo yuko juu ya ngazi! Siku hizi kuna hata sindano ya kila miezi sita; nani atachomwa kama mlango umefungwa?

Fikeni kabla ya mechi ya mwisho. Ikianza, wanakunja meza, na anabaki muuza mahindi peke yake.