Uzoefu wangu na herufi M: nyota tano, pamoja na kasoro zake

Naandika na kuongea Kiswahili kutwa kucha, na kama kuna herufi inayostahili kusifiwa hadharani, ni M. Nimeipa nyota tano kati ya tano. Kasoro inazo, nitazifikia, lakini kwa kazi inayoifanya sijaona mshindani wake.

Kwanza, inajitegemea. Konsonanti nyingi kwetu hazisogei bila irabu ya kuzishika mkono. M husimama yenyewe na kuhesabiwa silabi kamili. Tamka "mtu" polepole: m-tu. Mkazo wa neno zima unaiangukia M. Watunzi wa mashairi wanalijua vizuri jambo hili, kwa sababu "mtu" ni mizani mbili, na mshororo uliopungukiwa kidogo kufika mizani 16 unaweza kuokolewa na M moja tu. Zamani kiambishi hiki kilikuwa mu-. U ikadondoka, ila mbele ya irabu bado tunaisikia kama w: mwana, mwezi, mwili.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi inavyobeba watu. Ukisema "nimempa", ile M iliyotangulia "pa" ni mtu mzima: mwanamke au mwanamume, mzee au mtoto, wote wanaenea humo. Sasa sema "mmempa". Herufi sita, na M ziko tatu! Ya kwanza ni ninyi, ya pili imo kwenye "me" ya wakati, ya tatu ni yeye aliyepewa. Hakuna iliyokaa bure.

Halafu kuna hili, ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. Akiwa mmoja, neno huanza na M, wakiwa wengi, huanza na W: mtoto, watoto, mgeni, wageni, mwalimu, walimu. Chukua karatasi, andika M kubwa, kisha igeuze juu chini. Umepata W, na umepata wingi! Ni sadfa tu, maana W ilizaliwa baadaye sana kwa kuunganisha V mbili, lakini ni sadfa tamu mno. Na haiko peke yake. Wafoinike waliiita herufi hii mem, jina linalohusishwa na maji, na vilele vyake vilikuwa mawimbi. Ikapita kwa Wagiriki, ikafika kwa Warumi, ambao waliitumia pia kuandika 1000. Ilipotufikia sisi ikakuta maji, mto, mvua, mkondo na mawimbi, vyote vinaisubiri mwanzoni mwa neno.

Kuitamka ni rahisi kuliko zote: funga midomo, acha hewa ipite puani. Ndiyo maana mtu mwenye tonge mdomoni bado anaweza kukuitikia "mmh" ukamwelewa. Jaribu pia hili: bana pua vizuri, useme "mama". Itatoka kitu kinachokaribia kabisa "baba", kwa sababu M iliyozibiwa pua huwa B. Watoto huupenda sana mchezo huu, na mimi pia.

Sasa kasoro. M ina tabia mbili na maandishi hayakuambii ni ipi. "Mbuni" yule ndege ana silabi mbili, mbu-ni, M ikiwa imeegemea B. "Mbuni" ule mti wa kahawa una tatu, m-bu-ni, M ikiwa imesimama kivyake. Herufi ni zilezile, hakuna alama, hakuna nukta. Kwenye nathari utavuka salama kwa kuangalia muktadha, lakini kwenye shairi lenye vina na mizani tofauti hiyo inaweza kuvunja mshororo, na mwanafunzi anayesoma kwa macho tu hataona kosa liko wapi. Dawa ni kusoma kwa sauti.

Kwenye simu nako inasumbua. M na N zote hupitia puani, na kinachozitofautisha zaidi ni midomo, ambayo msikilizaji haioni. Ukiwa unamtajia mtu herufi za jina lako, usingoje akuulize mara ya pili. Mwambie mapema, "M ya mama".