Kutafuta ruzuku ya sanduku la babu: maoni yangu baada ya miezi minane

Sanduku ni la bati, la kijeshi, na miaka yote lilikaa chini ya kitanda cha babu hapa Bombo, Uganda. Babu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alikuwa Burma, na huko alimwandikia bibi kwa Kiswahili, barua nyingine kwa herufi za Kiarabu, nyingine kwa herufi za Kizungu. Tulipozihesabu, pamoja na alizoletewa na nduguze, zilikuwa 212. Juu yake kulikuwa na kanda 38 za kaseti: nyimbo za doluka walizoimba mama zetu wa Kinubi kwenye harusi za miaka ya sabini na themanini. Kutu ilikuwa imetoboa kona moja na mchwa wamepitia hapo. Ndipo nikaanza kutafuta ruzuku ya kuvihifadhi vitu hivi.

Nianze na lililoniumiza. Bwana mmoja mjini Kampala aliniahidi kuniandikia maombi kwa shilingi 400,000, zote mbele. Nilizilipa. Alichonipa ni kurasa nne zilizosema sisi ni jamii ya wafugaji. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani ambao Lugard, kapteni Mwingereza, aliwachukua Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891, na hakuna zizi katika ukoo wetu. Kwa hiyo nawaambia wenye masanduku kama langu: fomu za mifuko ninayoitaja hapa chini ni za bure. Ukimlipa mtu, mlipe kwa kukusahihishia Kiingereza, baada ya kuandika mwenyewe.

Ukitafuta kwenye intaneti, jina linalojitokeza sana ni National Endowment for the Humanities, mfuko wa serikali ya Marekani tangu 1965. Nilipoteza wiki mbili nikisoma masharti yake. Ruzuku zake za kutunza makusanyo ni za taasisi za Marekani. Pita.

Niliokaa nao sana ni Endangered Archives Programme, unaoendeshwa na British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, London, tangu 2004 kwa fedha za Arcadia, mfuko wa hisani. Huu naupa nyota nne. Kwanza, karatasi zenyewe hazitoki nchini. Wanalipia kamera, mafunzo na kazi ya kupiga picha hapohapo zilipo, na nakala moja inabaki kwenye taasisi ya nyumbani. Shangazi yangu Hajati hakukubali lolote mpaka nilipomsomea sharti hilo mara mbili. Na lina maana kubwa: Oktoba 2023 wahalifu wa mitandaoni waliivamia British Library, na makusanyo yake hayakuonekana mtandaoni kwa miezi mingi. Mwenye nakala yake nyumbani aliendelea kusoma.

Pili, maombi yanakwenda kwa hatua mbili. Unaanza na fupi, ukikubaliwa unaandika refu. Kwa mtu anayeandika usiku baada ya kufunga duka, huo ni utu.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya taasisi. Mtu binafsi haombi peke yake, lazima asimame nyuma yake chuo, maktaba au nyumba ya nyaraka. Naelewa kwa nini. Lakini sanduku la familia halina katibu wala muhuri, na kutafuta wa kutushika mkono kulinichukua miezi mitatu ya kupanda teksi kwenda Kampala na kurudi. Kilichonitia moyo ni Fort Portal. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan, kilizipiga picha nyaraka za wilaya ya Kabarole. Kwa hiyo Uganda kazi hii inajulikana, na wapo vijana wanaoiweza.

Tatizo letu likawa umri. Mpango huo wa London unalenga nyaraka za kale, na ukale unapimwa kulingana na mahali. Barua za 1944 zingeweza kubishaniwa, kaseti za 1978 zisingeingia kabisa, nami sikutaka kuligawa sanduku. Ndugu yake wa Los Angeles, Modern Endangered Archives Program, uko chini ya maktaba ya UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) tangu 2018, kwa fedha za Arcadia hiyohiyo, na unachukua vitu vya karne ya 20 na 21, sauti zikiwemo. Una ruzuku ndogo ya kujipanga, mpaka dola 15,000, kwa ajili ya kuhesabu, kuorodhesha na kujua hali ya vitu kabla ya kazi kubwa. Kwa anayeanza, nyota tano. Maswali yao yalinifanya niandike kila kaseti inaimbwa na nani, harusi ya nani, na nani bado yuko hai wa kutuambia. Orodha hiyo ninayo hata wakininyima.

Jambo ambalo ningependa kila mzee alisikie kabla mjukuu hajatia sahihi: mipango yote miwili inataka nakala ziwekwe mtandaoni bure, kila mtu azione. Barua ya mume kwa mke itasomwa na mtu wa Tokyo. Kwetu tulikaa kikao cha ukoo, watu kumi na moja, kahawa na tende, kuanzia alasiri mpaka isha. Niliwasomea barua moja baada ya nyingine. Walilia, walicheka, wakaruhusu.

Ilipofika barua moja iliyoandikwa mwezi wa Ramadhani, babu akimlaumu bibi kwa jambo la mtoto waliyempoteza, Hajati alinyoosha mkono. Nikampa. Aliikunja, akaitia kwenye kanga yake, akaniambia niendelee na inayofuata.

Kwenye fomu nimeandika barua 211.