Iliki ya yule mama wa Mgandini Tanga, hatimaye nimepata yenye harufu

Jamani naleta mrejesho wa iliki maana nimeliwa hela yangu mara nyingi mno na sitaki mwingine yamkute. Kabla ya Ramadhani nilinunua iliki ya unga kwenye duka moja kubwa hapa Dar, kipakiti kizuri, kinang'aa, nikatia kijiko kizima kwenye mkate wa kumimina, mkate ukaumuka vizuri na rangi ikakubali ila harufu hakuna, watu wanafuturu huku wananiuliza vipi leo umesahau iliki? Nikaenda kunusa ule unga, kama vumbi la mbao. Iliniuma sana, nazi nimekuna mwenyewe, mchele nimeloweka tangu usiku.

Sasa juzi kati nlikuwa Tanga harusini, shangazi akanambia usirudi Dar bila kupita soko la Mgandini, kuna mama anauza viungo na iliki yake inashuka kutoka Amani, kule Usambara. Nikaenda. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hata bei sijauliza kashanipa moja mkononi, pasua unuse, hujaipenda rudisha.

Nikapasua kwa kucha. Ganda la kijani kimefifia hivi, ndani vyumba vitatu, punje zimejipanga zimeshikana, nyeusi, zinanata kwenye kidole, na ile harufu ikapanda puani ina ubaridi kama mkaratusi. Kisha akachukua nyingine ya zamani anionyeshe tofauti, ganda limepauka, ukiitikisa punje zinacheza ndani, ukipasua ni za kahawia kavu. Hizo ndo zinazosagwa tunauziwa unga, akasema, na mi namwamini kabisa kwa yaliyonikuta.

Nlikuwa nalalamikia bei ya iliki miaka yote ila alivyonielezea kazi yake nikanyamaza. Mmea wenyewe ni ndugu yake tangawizi, unakaa miaka kama mitatu ndo uanze kuzaa, maua yake meupe yenye michirizi ya zambarau yanatokea chini kabisa karibu na udongo kwa hiyo mchumaji anainama kutwa nzima, na haziivi pamoja, unachuma hizi leo unarudia zile baadae. Ukichelewa ganda linapasuka punje zinamwagika, ukianika kwenye jua kali kijani kinaondoka. Kumbe!

Nampa nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa sababu hachambui, kwenye ya elfu kumi nilitoa vijiti na zile hewa zisizo na kitu ndani kama kumi na mbili hivi, halafu anafungia kwenye gazeti na harufu yote inaishia kwenye begi, nguo zangu zilinukia iliki mpaka Dar. Nenda na kichupa chako chenye mfuniko wa kubana.

Nyumbani nimeitwanga kidogo kidogo kwenye kinu na sukari, sukari inasaidia punje zisagike vizuri maana zinanata, maganda siyatupi naweka kwenye kopo la majani ya chai. Mkate wa kumimina nimerudia Ijumaa iliyopita, safari hii iliki tano sita tu za ganda zimetosha, jirani wa juu kabisha hodi kabla sijapalia makaa ya juu anauliza unapika nini.

Ukifika Mgandini ulizia wauza viungo, yeye yupo karibu na vitunguu, nenda asubuhi maana mchana zinabaki zilizopasuka. Mdogo wangu aliyeko Muscat kaagiza robo kilo, kule kahawa bila iliki hainyweki, na anasema ziwe za ganda, unga nisimpelekee.