Theluji relini: plau ya kabari au ya pangaboi?
Aliyezoa mchanga wa Shela, Lamu, kwa beleshi anajua: mwepesi husukumwa, ulioshikana hukatwa. Theluji ya Donner Pass, njia ya reli ya milimani huko Marekani, ni vivyo hivyo.

Plau ya kabari, yaani chombo chenye ncha ya kusukuma theluji pembeni mwa reli, husukumwa na kichwa cha treni cha dizeli, na mwendo ndio nguvu yake. Ni ya haraka, kwa hiyo ianze hiyo. Lakini kuta za theluji zikishapanda pembeni haina pa kutupa tena, na ikigonga rundo lililoganda yaweza kupanda juu na kuacha reli.

Hapo ndipo ya pangaboi, yenye gurudumu la visu linalozunguka mbele, inapohitajika: visu hukata, mdomo wa juu hurusha mbali. Huenda polepole, ikisukumwa kutoka nyuma na kichwa cha treni, maana nguvu yake yote iko kwenye visu. Maporomoko ya theluji yakileta mawe au magogo, visu hupinda.