Ripoti inasema binti yangu ni beki wa kushoto

Binti yangu hajawahi kucheza mpira. Ana pumu. Akikimbilia kifodi tu, yaani daladala, anafika ameshika kifua. Lakini ripoti ya ushauri wa taaluma niliyoilipia elfu sitini hapa Arusha mjini, ukurasa wa saba, inasema hivi: "Kijana huyu ni beki wa kushoto wa timu ya shule, jambo linaloonesha nidhamu na moyo wa kushirikiana."

Nilisoma mara tatu. Nikamwita aje asome na yeye, isije ikawa macho yangu.

Mmeuliza huduma ya ofisi hiyo ni nzuri au mbaya, basi niseme kwanza kilichonipeleka huko. Mimi nauza nyanya soko la Kilombero, na elfu sitini kwangu si hela ya kuchezea, hasa wakati ule mzigo wa Ngarenanyuki umejaa sokoni na tenga halina bei. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mtoto alipata daraja la pili, pointi 20. Fizikia B, Hisabati C, Kemia C, Biolojia D. Sasa mimi tangu yuko la tatu nimejiita mama daktari. Wenzangu sokoni wananiita hivyo, na mimi naitika. Kwa hiyo D ya Biolojia ilinikata maini, maana niliona PCB, ile tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia ya kidato cha tano, ndiyo imeshakwenda. Ningekuwa na mtoto wa miaka ya nyuma ningejua pa kugeukia, tahasusi zilikuwa 16 tu na kila mtu anazijua kwa kichwa. Mwaka 2024 zikapandishwa hadi 65. Nilifungua orodha kwenye simu, nikaisukuma chini, ikaendelea kushuka, nikaizima.

Shuleni yupo mwalimu wa ushauri na unasihi, sina ugomvi naye. Ila huyo huyo anafundisha Kiswahili mikondo minne na usiku ni mlezi wa bweni. Aliniambia, "Mama, mwache achague anachokipenda," kengele ikagonga, akachukua chaki zake akaondoka.

Ndipo nikaelekezwa hiyo ofisi. Siku ya kwanza sina la kulalamika. Ghorofani, kuna kochi, kuna vyeti ukutani, tukapewa na juisi. Mtoto akawekwa mbele ya kompyuta kujibu maswali. Unapenda kupanga vitu? Unapenda kusaidia wazee? Alitoka ananiuliza, "Mama, sasa hapo kufaulu ni ngapi?" Mshauri mwenyewe akacheka, akasema huu si mtihani. Nilimpenda siku hiyo, nisiseme uongo. Nikarudi sokoni nikawasifia wenzangu wawili, na leo nawaonea aibu.

Ripoti ilikuja kwa simu kama wiki mbili hivi baadaye. Nikaitoa steshenari, kurasa kumi na mbili, nikaitia kwenye plastiki isilowe. Usiku nikawa naisoma kwa sauti, watoto wote wamekaa. Na hapa ndipo Kiswahili chetu kilipoficha wizi. Lugha yetu haina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Kwa hiyo kuanzia ukurasa wa tano nilisoma "anapenda kufungua redio na kuzirudishia", "ni mkimya lakini mdadisi", nikawa naitikia kwa kichwa, kweli huyu ni wangu, si ndiye aliyetengeneza mzani wangu kwa kisu cha kumenyea viazi? Kumbe nasoma mtoto wa mwenzangu. Beki wa kushoto ndiye aliyenishtua. Kushuka chini kidogo, jina la kijana limeandikwa waziwazi, mara nne. Walibadilisha jina kurasa za mwanzo, wakachoka.

Asubuhi nikaenda. Sikurudi nyumbani kubadilisha nguo, nimetoka kushusha mzigo, raba zina matope. Nilikaa kwenye lile kochi la juisi, na safari hii juisi haikuja. Mshauri akatoka na simu sikioni, akatazama miguu yangu kabla ya kunitazama mimi. Nikamwonesha ukurasa kwenye simu. Akasema, "Haya ni makosa ya kichapaji tu, mama." Nikamuuliza, makosa ya kichapaji ndiyo yanamgeuza mtoto wa kike akawa beki? Akashusha simu, akaniambia mbele ya wateja wengine:

"Samahani, kwani wewe umesoma mpaka darasa la ngapi? Ripoti za kitaalamu hazisomwi kama gazeti."

Nikamjibu, "Nimesoma mpaka ukurasa wa saba, ambako wewe hujafika."

Dada wa mapokezi aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa anacheka. Lakini kicheko chake hakikunisaidia. Nilishuka ngazi natetemeka. Na kabla sijashuka niliambiwa kuchapa upya ni elfu kumi. Elfu kumi! Nilipe ili mtoto wangu aitwe jina lake.

Hadi hapo nilikuwa nimeshajua nitaandika nini: msiende, wezi, basi. Tatizo ni kwamba nilipofika nyumbani nilimkuta binti amezisoma zile kurasa za mwenzake zote, amepigia mstari kwa kalamu. Yule kijana ameshauriwa akasome stashahada ya uhandisi wa umeme na vifaa tiba, Chuo cha Ufundi Arusha. "Mama, kumbe kuna watu kazi yao ni kutengeneza mashine za hospitali?" Mimi sikujua. Miaka yote napita nje ya chuo kile, nilidhani ni cha magari na kuchomelea.

Tukaenda wenyewe, bure, hakuna aliyetazama raba zangu. Tukaelezwa kwamba wa kidato cha nne anaingia moja kwa moja, hana haja ya kupitia kidato cha tano, na kwamba wanachokitazama ni Fizikia, Hisabati na Kemia. Yale yale masomo aliyofaulu. Biolojia yake hakuna aliyeiulizia. Dirisha la TAMISEMI la kubadili machaguo bado lilikuwa wazi, akaingia kwenye Selform, mfumo wao wa mtandaoni, kwa simu yangu, akabadilisha, imeisha kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo mnaniuliza huduma ni nzuri au mbaya, na mimi nakwama. Bila ule uzembe wao, mtoto angekuwa sasa hivi ananuna kwenye tahasusi niliyomchagulia mimi. Kurasa zenye jina lake hazikumsaidia chochote, zimejaa "ana uwezo mkubwa akijituma", maneno ambayo hata mganga wa Unga Limited atakuambia kwa elfu tano. Zilizomsaidia ni za mtu mwingine. Sasa hapo namshukuru nani? Mungu, na elfu sitini angelipwa Yeye.

Kuna wakati nasema nimsamehe yule mshauri, kazi ni nyingi, watoto ni wengi. Halafu nalikumbuka lile swali la darasa la ngapi, na jinsi alivyolisema taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Hapana. Msiende. Na mkienda, someni mpaka mwisho.

Lakini kuna jambo moja linaninyima raha. Ikiwa mimi nimeletewa za mtoto wa mwenzangu, basi za kwangu zimekwenda wapi? Huenda kuna mama mahali fulani hapa mjini ana mtoto wa kiume, beki wa kushoto, fundi wa redio, na ripoti yake inamwambia ana pumu na anafaa kulea wazee. Mama huyo akisoma hapa, ajue kurasa za mwanae ninazo, zimehifadhika, zina mistari ya kalamu tu. Aje Kilombero upande wa nyanya, aulize mama daktari. Bado wananiita hivyo.